Bega la Efren

Chumba changu cha kazi hakina dirisha.
Kiko Burbank, nyuma ya duka la matairi,
na humo ndani mimi ndimi ninayeua,
kwa glavu kuukuu, mlango wa jokofu
na stepla iliyong'oka meno.

Wananiletea picha bubu. Stelingi anakimbia,
bastola inatema moto kimyakimya,
nami naulizwa: Ramona, hii ilie vipi?
Nachanganya radi na mlango wa kontena,
chini kabisa nalaza nusu mngurumo wa simba
niliyemrekodi bustanini, kabla ya kulishwa.
Bwana Kessler husikiliza amefumba macho.
"Ongeza," husema. "Bado ndogo."

Ndogo.

Usiku ule, kituo cha mafuta, Van Nuys,
nilikuwa dukani nahesabu chenji.
Nilidhani mtu kaangusha ubao.
Tap. Mara moja tu, kavu.
Nilipotoka, Efren alikuwa bado amesimama,
mkono kwenye pampu, mafuta yanaingia.
Hakurushwa hatua sita nyuma, hakupasua kioo.
Aliniuliza, "Umenirushia kitu?"
Kisha akaketi chini polepole,
kama mtu aliyechoshwa na foleni ya benki.
Mita ya pampu iliendelea kuhesabu.
Sikio lake la kushoto lapiga filimbi mpaka leo.

Lakini stelingi huyu!
Anamimina risasi ndani ya lifti iliyofungwa,
halafu anamnong'oneza mpenzi wake,
na mpenzi anasikia kila neno, hata la mahaba.
Anajibanza nyuma ya mlango wa gari,
bati ambalo mvua ya mawe ingelitoboa,
na risasi zinaliheshimu.

Alhamisi Efren aliniletea tamali za mama.
Akaketi kwenye kiti cha Kessler, akatazama,
akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja,
akirudia, akirudia.
"Kumi na tisa. Ishirini. Ramona, bastola ya tundu sita!
Zinazaana humo ndani?"
Tulicheka hadi mchuzi ukamwagika kwenye mitambo.

Ikaja ile ya bega.
Stelingi kapigwa. Anajichokonoa kwa kisu,
anamwagia wiski, anafunga kwa kipande cha shati.
"Ni bega tu," anasema,
na kwa mkono uleule anapanda ukuta.
Efren aliacha kutafuna.
Bega tu.
Operesheni saba. Skrubu nne na bamba la chuma.
Miaka tisa vifungo vya shati anafungiwa na binti yake,
ambaye alianza kazi hiyo akiwa na miaka mitano,
akiruka kimoja kila mara.
Hakusema kitu. Alimeza, akaomba maji.

Kessler alipiga simu jioni:
kila bastola inapoinuliwa, ilie.
"Imeshakokiwa mara nne," nikasema.
"Watu wanapenda ilie."
Nikajaribu stepla, kitasa, koleo, kiberiti cha chuma.
Vyote vilisikika kama vilivyo.

Efren akasimama aondoke,
akainua mkono kufuata koti msumarini.
Kwach.
Nikamwambia, rudia.
"Nini?"
Rudia, kaka, taratibu.
Nikasogeza maikrofoni hadi kwenye ngozi
kama daktari anayetafuta moyo pasipo pake.
Akarudia mara kumi na moja, jasho likimtoka usoni,
na mara ya mwisho mkono ulikataa kupita sikio.

Filamu ilitoka Julai. Tulikaa safu ya nyuma,
mpwa wangu katikati, bisi mapajani.
Stelingi akainua bastola. Kwach.
Ukumbi mzima ukabana pumzi.
Mbele yetu kijana mmoja akasema, "Ebo!"
Efren akainama gizani juu ya kichwa cha bintiye,
akaninong'oneza kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani,
maana hajisikii vizuri upande ule:
"Huyo mimi."
Watu wakageuka.