Mche Namba Arobaini na Moja

Jumamosi ile gari la manispaa lilifika Pasua
limebeba miche kama abiria wasiodaiwa nauli,
mtendaji akiita majina kwenye daftari:
kila kaya mti mmoja, sahihi hapa, dole gumba hapa.
Nikasema, mimi mpangaji tu.
Akasema, mti hauulizi hati.

Nikapewa mringaringa,
majani mawili na nusu, udongo ndani ya pakiti ya maziwa.
Mwenye nyumba akachungulia dirishani:
"Uchimbe mbali na msingi wangu."
Nikahesabu hatua saba. Sururu ya kuazima.
Pembeni mwa barabara, mahali pasipolipiwa kodi.

Kiangazi maji yalitoka Jumanne na Ijumaa.
Mti ulikunywa tulichobakiza:
maji ya mchele, maji ya soksi za Nakijwa,
maji ya sabuni yenye povu la kijivu.
Nakijwa aliupima kwa rula ya shule
akiandika ukutani kwa mkaa,
mpaka mwenye nyumba alipopaka rangi.

Mwezi wa nane mbuzi wa Eliakunda akakata kamba.
Nilikuta kijiti, na alama za kwato.
Sikupiga kelele. Nilifunga mlango nikakaa kitandani,
naona haya kulilia
kitu cha sentimita thelathini na mbili.

Jioni Eliakunda akaja na jani la isale.
Mimi mtu wa Singida, nilidhani kaniletea mboga.
"Hili kwetu halikataliwi," akasema,
akakaa. Hatukumtaja mbuzi.
Tuliongea bei ya mahindi, tukaongea goti lake.
Kulipokucha nikakuta kazungushia miiba,
na baada ya wiki mbili kile kijiti
kikachipua ubavuni, kwa ubishi.

Kodi ikapanda. Tukahamia Njoro.
Vitanda viwili, ndoo, jiko, begi la madaftari:
mkokoteni mmoja ulitosha.
Mti haukupakiwa.

Leo nimepita huko kupeleka nguo za mteja.
Kijana kaweka benchi, anakaza spoku za baiskeli
kwenye kivuli cha ukubwa wa kanga mbili.
"Mti wa nani huu?"
"Wa hapahapa," akajibu, hakuinua kichwa.

Nilitaka kumwambia. Nikatazama chini:
shinani udongo umelowa,
na juu yake povu la kijivu, bado linapasuka.