Kwenda Nyumba ya Mungu na Boti

Miwili kabla ya kumzika, na sita baadaye,
imekaa uani kwangu Majengo,
na kuku wakataga juu ya mkuku.
Utani huo ni wa Aminiel, si wangu.
Aliurudia kwa kila mgeni,
na mgeni asiyejua mkuku ni nini alicheka vilevile.

Aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa akifunga virago,
pamoja na injini ya farasi watano
na tanga lililoonjwa na panya.
"Boti? Moshi?" nikamwuliza.
"Maji yapo," akasema,
akinionyesha kusini kwa kidole chenye grisi.

Hatukwenda.

Leo Mbonea fundi kaingia chini ya tela,
kashindilia beringi grisi,
kaipiga tairi teke kama anayemwamsha ng'ombe.
Mlingoti tumeulaza, umechungulia nje nyuma,
ncha yake nimeivisha fulana nyekundu
ya mashindano ya baiskeli, ya mwaka ambao hakushinda.
Injini tumeiinua, propela juu,
tumeikaza kwa mpira wa ndani
"isije ikalima lami," kasema Mbonea.

Kiboriloni, wauza mitumba wakasimama na mashati mikononi:
"Mama Ndeshi! Gharika inakuja na hukutuambia?"

Himo, trafiki akatuzunguka mara mbili.
"Hii mnaipeleka wapi?"
"Nyumba ya Mungu."
Akanitazama. "Na mnasali humohumo?"
Kisha akakumbuka kazi: taa ya kushoto haiwaki.
Kweli haikuwaka.
Mbonea akaizaba kofi, ikawaka,
na afande, sijui kwa aibu au huruma,
akatupungia twende.

Baada ya Kifaru tukaiacha lami.
Kila shimo nililipita mara mbili:
kwanza chini ya kiti changu,
halafu huko nyuma, kwa mshindo wa tumbo tupu.
Ndivyo nilivyojua bado ipo.

Hakuna aliyenionya kuhusu kurudi kinyumenyume.
Ukikata kulia, tela inakwenda kushoto;
ukiikosoa haraka, inajikunja
kama mtoto anayekataa kubebwa.
"Njoo! Njoo! Acha! Mama, acha!"
Mara tano.
Wanunuzi wa perege wakaweka ndoo chini, wakatazama.
Mara ya sita nikaacha kuitazama tela,
nikayatazama maji tu kwenye kioo,
na mikono ikajua.

Ikaelea.
Nilikuwa nimeshajaza mapafu nipige kigelegele
nikamwona Mbonea kainama ndani, maji kwenye vifundo.
"Kizibo kiko wapi?"
"Kizibo gani?"
Akanionyesha tundu, chini ya injini,
kama la kidole cha mtoto.

Kwenye funguo zangu,
kati ya ule wa stoo na ule wa kabati la vikombe vya wageni,
kuna kipande cha shaba chenye hesi.
Miaka sita nimekipapasa gizani nikitafuta wa mlango.
Nimekigongagonga menoni nikiwaza bili ya maji.
Watoto niliwaambia ni pambo.
Hakuniambia.
Au aliniambia, siku mojawapo
ya zile nilizokuwa nahesabu mayai.

Mizunguko minne na nusu. Kikakaza.

Tulikumba maji kwa kopo la rangi.
Mbonea akavuta kamba, injini ikakohoa moshi wa bluu,
ikazima, ikakohoa; mara ya tisa ikashika.
Tukaenda hadi visiki vilivyozama vinapoanza,
tukageuka.
Tanga limebaki kwenye gunia lake.
Si mimi si yeye, hakuna ajuaye upande wa juu ni upi.
Hiyo ni kazi ya Jumamosi nyingine.

Usiku, Majengo, umeme umekatika.
Nilisimama mlangoni nikizipapasa funguo
moja baada ya nyingine, zote zikifanana,
mpaka Mbonea akanimulikia kwa simu.