Mrututu

Miaka thelathini na moja nilivaa koti jeupe,
wodi ya kifua, mjini Pazardzhik,
na leo nimepiga magoti kwenye tope la bustani
nikilifunua jani la mnyanya kama ulimi wa mgonjwa:
toa, nione.

Majani ya chini yana madoa, duara ndani ya duara,
mfano wa kisiki kilichokatwa kwa msumeno.
Hii naijua. Bakajani tangulia. Haina pupa.
Nayachuma, nayafunga gazetini, nayatia moto,
natandaza nyasi kavu chini ya shina
mvua isije ikayarushia matope yaliyobaki.

Lakini matunda!
Yale makubwa ya waridi, mbegu za mama mkwe,
yameshika weusi kitakoni,
umebonyea kama alama ya dole gumba.
Nikakimbilia kwa Radoy, fundi reli mstaafu,
mwenye bomba la kubeba mgongoni.
"Mrututu," akasema, hata sijamaliza.
Kwa Radoy hakuna kisicho mrututu.

Tukauyeyusha ndooni, buluu ya kutisha,
chokaa tukaichuja kwa soksi yake kuukuu,
tukanyunyiza hadi seng'enge ikawa buluu,
hadi paka akaacha nyayo za buluu barazani.
Wiki ikapita.
Vitako vikazidi kuwa vyeusi.

Mganga hajigangi; mimi hata kuuliza sikuuliza,
swali la kwanza kabisa, la kitandani:
umekunywa nini, na lini?

Siku tisa za Julai nilikuwa Sofia,
Desislava amejifungua, nani angekumbuka ndoo?
Nikarudi usiku, nikaona yamenyauka,
nikafungua bomba, nikalala, maji yakikesha.
Kiu, kisha gharika.
Chokaa ilikuwamo ardhini muda wote,
hapakuwa na maji ya kuipandisha hadi kwenye tunda.
Basi si ukungu, si kidudu.
Ni mimi.

Sasa ni ndoo mbili, kila jioni,
shinani, polepole, majani yasilowe.
Radoy huegemea uzio: "Dawa imeshika, eh?"
Imeshika, namwambia.

Leo nimekata tunda moja lenye kovu,
nusu ya chini nimewatupia kuku.
Ya juu nimeila nimesimama, kwa chumvi na jibini,
maji yake yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko.
Paka ananitazama.
Bado ana buluu katikati ya vidole.