Swali la Likwata

Likwata, anayefundisha ndondi nyuma ya soko la Newala,
ameniuliza tena leo, mdomo umejaa muhogo:
"Hiyo aikido yenu ya kushikana mikono kama maharusi,
siku ukikutana na mwizi wa kweli, itakufaa?"

Sikumjibu. Mimi karani wa mzani,
sitamki uzito kabla mshale haujatulia.

Tunajifunzia katika darasa bovu la shule ya msingi,
juu ya magunia ya korosho tuliyoyashindilia vumbi la mbao.
Mwalimu Chitanda alifundishwa na Mjapani wa mradi wa visima,
aliyetafuta maji miaka miwili katika uwanda huu wenye kiu,
na jioni, kwa upweke, akawa anawaangusha vijana wetu
mmoja mmoja, kisha anawainamia.
Maji hakupata mengi.
Alituachia kuanguka.

Nangumbi, fundi baiskeli, hunishika kifundo cha mkono
taratibu, kwa adabu, akinisubiri nigeuke.
Nikigeuka huanguka kabla sijamaliza,
maana ni rafiki, na mikono yake ina grisi, anaogopa kunichafua.
Mwizi gani ataniomba kifundo changu namna hiyo?

Msimu uliopita, wiki ya malipo,
natoka ghalani, ukungu umeshuka hadi magotini,
pikipiki ikaja taa imezimwa.
Hakunishika mkono. Hakunishika popote.
Mkoba ulichomoka begani kama jani,
nami nikabaki nimesimama vizuri sana:
mguu wa kushoto mbele, viganja wazi,
mkao sahihi kabisa
mbele ya moshi wa petroli.

Likwata alicheka siku tatu.
Ningecheka naye,
kama mkobani isingekuwamo miwani ya mama.

Lakini upo usiku mwingine, Likwata haujui.
Kaka yangu Mchopa alirudi na uraka kichwani,
mabibo ya wiki nzima yamemchachia machoni,
panga mkononi, anataka kuuangusha mkorosho wa marehemu baba
kwa kuwa katika mirathi uliniangukia mimi.
Nilikuwa mlangoni. Akanisukuma, kisha akanishika
hapa, pale pale anaponishika Nangumbi,
ila bila adabu.

Siwezi kusema niliwaza. Nyonga ilikwenda yenyewe,
tena vibaya, ikachelewa nusu hatua,
mpini wa panga ukanipasua juu ya jicho;
lakini mkono wake ulizunguka, nami nikazunguka nao,
na mwana wa mama yangu akalala kifudifudi mchangani,
bega zima, mifupa yote mahali pake,
akimwita baba.
Panga nililikalia.
Tukakaa hivyo mpaka majogoo,
nimemshika kama anavyoshikwa mtoto anayechanjwa,
damu yangu ikimdondokea kisogoni
naye akidhani ni mvua.

Ngumi ya Likwata ingemvunja taya.
Ingefanya kazi, sikatai.
Na mimi ningempikia uji mwepesi mwezi mzima,
nikimnywesha kwa mrija.

Basi inafaa, haifai?
Kwa mwenye pikipiki, sina neno.
Kwa watu watatu wenye nondo, nitakimbia, na Chitanda mwenyewe
ameniambia atakuwa mbele yangu.
Kovu huwasha ukungu unaposhuka.
Mchopa sasa hanywi, au hanywi nikimwona;
akinisalimu hunipa mkono wa kushoto,
ule wa kulia anauficha nyuma, kama deni.
Mkorosho umezaa. Mshale bado unacheza.

Jumanne nitakwenda tena darasani.
Nitavua viatu, nitainama,
nitamwambia Nangumbi: leo usinisubiri.
Nishike kama unanidai.