Mkono wa Birika

Miaka kumi na tisa, mkono wa juu wa trekta letu
ulikuwa wa birika: haufiki.
Ülo alisukuma plau kwa bega, mimi nikirudi nyuma
inchi, inchi tena. "Simama, Maimu! Una masikio?"
Pini ikiingia tu, ugomvi wetu ulikwisha.

Bega lile sasa limelala chini ya theluji ya Võru.

Aprili, matope. Nilimpelekea fundi Kalju ule mkono,
akauongeza shubiri, akachomelea, akapaka grisi.
Nazungusha nusu. Nazungusha robo.
Tundu latazamana na tundu,
pini yaingia kama ufunguo wa mlango wangu mwenyewe.

Hakuna aliyefoka.
Nimeshika usukani, injini inanguruma,
nangoja kufokewa.