Sekunde Nane

Miaka sita nimewapikia
na miaka sita wameniletea sufuri.
Sufuri na Masasi. Sufuri na Ruangwa.
Sufuri na Liwale, mvua ikinyesha.
Mpira ulizunguka kwa mabeki
kama bahasha ya madai ya posho:
huyu aipokee, ampe yule, yule airudishe kwa huyu,
hadi refa anatazama saa yake kwa huruma.
Mkwepu, namba tisa wetu, amehitimu ualimu
jezi yake haijawahi kulowa mgongoni.

Sasa ameletwa Mwalimu Chilindima kutoka Tunduru.
Mfupi, filimbi shingoni, mkononi ana saa mbili:
moja ya kujua muda, moja ya kuukamata.
Aliingia jikoni akisalimia huku anatembea.
"Mama Nandonde, tukiunyaka mpira
sekunde nane tuwe langoni kwao.
Ya tisa ni yao, hatuitaki."
Nikamwambia, Mwalimu, maharage yangu hayaijui nane.
Akacheka. Akaomba ukoko.

Tangu siku hiyo Nachingwea nzima inahesabu.
Kinyozi anahesabu, wembe u shingoni mwa mtu.
Watoto wanaotumwa chumvi wanahesabu.
Bwana Mnalimanga, katibu wa chama cha msingi,
ambaye fedha zetu za korosho huzihesabu kwa miezi,
kapanda juu ya mzani ghalani
akaapa: mabao manne kila mechi,
na la tano la kufidia unyaufu.

Likwachala fundi baiskeli ndiye pekee aliyeguna.
"Haraka ilishaletwa hapa, kwa matrekta na reli.
Reli imeng'olewa. Karanga tunapimiwa kwa kopo."
Wakamjibu, nenda zako, pampu yako yenyewe inavuja.

Jumamosi iliyopita Ruangwa walikuja, kirafiki.
Nilikwenda na mwiko mkononi, sijui kwa nini.
Kipa akaurusha: moja.
Ukamkuta Shaweji pembeni: tatu.
Tano, vumbi jekundu limesimama peke yake
pale alipokuwa Shaweji.
Krosi. Saba.
Na nyavu, zile ambazo buibui walishahamia,
zikavimba.
Tulipiga kelele ya miaka sita.

Tukafunga manne.
Tukafungwa matano,
maana aliyekwenda mbele kwa sekunde nane
hurudi nyuma kwa ishirini.

Mnalimanga anasema hiyo ni hesabu ya kuanzia.
Wanafunzi wamemlaumu kipa, wakalaumu nyasi,
wakamaliza na aliyechora chokaa.
Mimi naona kinachokuja dirishani kwangu:
sahani inayotetemeka mkononi mwa kijana,
Shaweji akirudia ugali mara ya tatu bila haya.
Stoo ina magunia manne hadi mwisho wa muhula.
Mhasibu ameuliza haraka hii ina fungu gani.
Hakujibiwa.

Nawaogopea.
Mji uliozoea sufuri ulikuwa mpole,
ulikunja mikeka mapema ukaenda kulala.
Mji ulioonja manne hauna adabu.
Jana mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota
kamwita Shaweji kobe,
naye alikuwa anakwenda zake bombani na ndoo.

Kesho ni Masasi, saa kumi kamili.
Najua mambo ya moto mimi:
ukichochea kupita kiasi, chini huungua
na juu bado pabichi.
Nimemwambia Mwalimu, nimemwambia mhasibu,
nimemwambia hata Likwachala, ambaye hakuhitaji kuambiwa.

Lakini maharage nimeyaloweka tangu alasiri,
na Bi. Sikujua amekubali kunishikia zamu.
Sitaki kesho hata sekunde moja
inikute hapa jikoni.