Pindo la Vidole Vinne

Gauni la Nabintu nililishona kwa kitambaa cha njano
kilichobaki kwenye sare za kwaya ya Cimpunda.
Ndiyo kwanza alikuwa anasimama,
ameshika mguu wa cherehani yangu kama mguu wa shangazi.
Nikaacha pindo la vidole vinne kule chini,
mishono mikubwa, ya kufumuliwa kwa wembe,
maana ndivyo tunavyowashonea watoto:
kesho tunaikunja ndani ya nguo.

Pasaka ikaja. Ikaja ya pili.
Gauni limepauka mabegani,
pindo limelala palepale.
Majirani wanamsifu mama yake:
"Nsimire, wewe unajua kutunza nguo!"
Nsimire anacheka.
Mimi nashika futi iliyoning'inia shingoni,
sicheki.

Miaka kumi na tisa napima watu katika soko la Kadutu.
Kiuno cha mfiwa nakijua, na bega la aliyepata kazi.
Lakini kupima kitu ambacho hakikutokea
nilikuwa sijafundishwa.

Alfajiri Nsimire yuko Muhanzi, anangoja mitumbwi ya Idjwi.
Gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso,
na mlima wa Bukavu hauna huruma na magoti ya mtu.
Nabintu anabaki na dada yake Aksanti, wa miaka minane,
ambaye naye anahitaji wa kumwangalia.
Uji wa asubuhi ni maji yaliyosalimiana na unga.
Mvua ikinyesha, mfereji unapita mlangoni,
na kuhara hakubishi hodi.

Ziwa aliachishwa na miezi tisa.
Mimba nyingine ilikuwa imeingia,
na mama mkwe, M'Kahasha, akasema
maziwa ya mwenye mimba yameharibika, yataua.
Alisema kwa upendo.
Yeye mwenyewe alizika wawili
na hakuna aliyemweleza sababu.

Kuku wapo, watatu.
Mayai yanahesabiwa: ni ya kodi ya nyumba.
"Na mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi,"
husema Cubaka akimega fufu,
sambaza wote wakimtazama yeye,
kutoka sahani yake peke yake.
Si mtu mbaya. Ndivyo alivyolelewa:
baba kwanza, kisha wageni, kisha mchuzi.
Mchuzi haujengi mfupa, Cubaka.
Sikumwambia. Nani humwambia shemeji?

Jumatano nilimbeba Nabintu hadi kituo cha afya.
Wakamlaza kwenye ubao, wakamnyoosha miguu,
akalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.
Muuguzi akauliza umri.
Nikasema mitatu.
Akauliza tena.

Kisha akaniambia, taratibu, bila kuniangalia,
kwamba kilichopotea kabla ya miaka miwili
hakirudi chote.
Chote. Neno hilo nimelala nalo
kama pini iliyosahaulika kwenye shuka.

Nsimire alinikasirikia siku nne.
"Sisi ni wafupi ukooni," akasema.
Ya tano akaja na gauni mkononi,
akalikunjua kwenye meza yangu,
akapitisha kidole juu ya mishono isiyoguswa.
Hakusema kitu. Alama ya kamba
ilikuwa mbichi kwenye paji lake.

Suruali ya Cubaka ilipochanika, nikamwambia:
fedha sitaki, lipa mayai.
Mawili kila juma, na yaliwe hapa, mbele ya cherehani.
Akanitazama kama niliyepandwa na homa.
Akachungulia tundu la suruali.
Akakubali.

Sasa wembe mpya umo kwenye droo,
bado na karatasi yake.
M'Kahasha hupita, huguna, hukaa kidogo,
na juzi alimmenyea yai yeye mwenyewe.

Nabintu akimaliza hulamba vidole vyake vinne,
kimoja kimoja, bila haraka.
Nasimamisha cherehani.
Nahesabu.